Ulimeza kidonge cha dharura na mimba ikaingia: hatua za kufuata

Kipimo kimeleta mistari miwili, na wewe una hakika kidonge ulimeza. Ulikimeza kesho yake asubuhi, pengine usiku ule ule. Mwanamke anayekuja kwa mkunga na habari hii mara nyingi haanzi na "nifanyeje?" Huanza na "nilikosea wapi?" Wengine huenda mbali zaidi, wakaamini waliuziwa dawa feki, au kwamba miili yao ina kasoro.

Jibu fupi ni kwamba hakuna kidonge cha dharura kinachozuia mimba zote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika kila wanawake 100 wanaotumia kidonge cha levonorgestreli, kile ambacho wengi wanakiita P2, wanaoshika mimba ni kati ya 1.2 na 2.1. Kwa kile cha ulipristali ni kama 1.2. Ni wachache, lakini wapo, na mwongozo huu ni wao. Nimeupanga kwa mfuatano ambao ningependa uufuate, hata kama swali linalokuumiza zaidi liko chini, kwa sababu yako mambo mawili matatu ambayo hayangoji moyo utulie.

1. Andika tarehe kabla hujazisahau

Tafuta kalamu na karatasi. Usitegemee kumbukumbu, mtu mwenye hofu huchanganya siku upesi sana. Andika haya:

- siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho iliyokuwa ya kawaida;
- siku zote ulizokutana na mwanamume bila kinga mwezi ule, si ile moja tu iliyokupeleka duka la dawa;
- siku na saa uliyomeza kidonge, na jina lake (kama boksi bado lipo, litunze);
- kama ulitapika, na baada ya muda gani;
- damu yoyote iliyotoka baadaye: lini, kwa siku ngapi, ilikuwa matone au ilijaa pedi;
- dawa nyingine ulizokuwa ukitumia.

Hapo kwenye damu ndipo wengi wanapopotea. Kidonge cha levonorgestreli huweza kuleta damu kidogo siku chache baada ya kukimeza. Mwanamke anaiona, anashusha pumzi, anasema siku zangu zimekuja, na kuanzia hapo ndipo anapohesabu. Tuseme hedhi yako ya kweli ilianza tarehe 1, tendo likawa tarehe 12, kidonge tarehe 13, kisha tarehe 20 ukaona damu nyepesi ya siku mbili. Mwezi unaofuata hakuna kitu, na tarehe 25 unakwenda kupima. Ukihesabu kutoka ile damu ya tarehe 20, utaambiwa una wiki 5. Ukihesabu kutoka hedhi ya kweli, kwa mwezi wa siku 30, una wiki 7 na siku 5. Karibu wiki tatu zimepotea kwenye hesabu, na kila uamuzi utakaoufanya baadaye, uwe wa kuanza kliniki au wa jambo jingine lolote, unategemea umri huo wa mimba.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Kazi ya kidonge ni kuchelewesha yai, kwa hiyo inawezekana yai lilikawia kutoka, na mimba ikatungwa siku nyingi baada ya ile tarehe unayoishuku. Hapo mimba huwa changa kuliko hesabu ya hedhi inavyosema. Ndiyo maana baada ya kidonge cha dharura ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ina faida kubwa kuliko kawaida: inampima mtoto mwenyewe, haikuulizi kalenda. Lakini nenda na karatasi yako hata hivyo. Ukifanyiwa mapema mno, kabla ya wiki ya 5 au ya 6, huenda isione kitu, ukaambiwa urudi. Kuambiwa urudi si habari mbaya.

2. Hakikisha kweli ni mimba

Kama umeshapima na kipimo kimeonyesha ndiyo, ruka hapa. Kama bado uko kwenye "nahisi", soma.

Yai lililorutubishwa huchukua takriban siku 6 hadi 12 kufika kwenye mfuko wa uzazi na kujishikiza. Homoni inayosomwa na kipimo cha mkojo huanza kutengenezwa baada ya hapo. Kwa hiyo kichefuchefu cha siku ya pili baada ya kumeza kidonge hakiwezi kuwa mimba, ni kidonge. Hata maumivu ya matiti, uchovu na kichwa kuuma katika siku zile za mwanzo ni madhara ya kawaida ya dawa yenyewe. Nimeona watu wakipima kila asubuhi kwa wiki nzima, wakimaliza pesa na usingizi, kwa swali ambalo mwili ulikuwa bado haujalijibu.

Pima hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7 kupita ilipotarajiwa. Kama mzunguko wako hautabiriki, pima siku 21 baada ya tendo la mwisho bila kinga. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, usinywe maji mengi kabla ili "upate mkojo", angalia tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti, kisha usome jibu ndani ya dakika zilizoandikwa. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda huo ni mstari. Ule unaoibuka baada ya kipimo kukaa mezani saa nzima hauhesabiki, rudia na kingine. Kidonge chenyewe hakivurugi kipimo, maana homoni iliyomo si ile inayopimwa.

Jibu likiwa hapana na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja. Likiwa hapana tena, nenda ukaonwe. Na zile njia za sukari, chumvi au dawa ya meno kwenye mkojo, achana nazo, hazipimi chochote.

Halafu hili: ikiwa kipimo ni ndiyo, usimeze kidonge kingine cha dharura kwa matumaini ya kuishusha. Hakina uwezo huo. Mimba ikishajishikiza, kidonge hicho hakiing'oi, hata ukimeza pakiti tatu. Utapata kichefuchefu tu.

3. Kwanza ijulikane mimba iko wapi

Hatua hii watu huiruka kwa sababu akili yote imekwenda kwenye "nitamwambiaje mama" au "nitamwambiaje fulani". Usiiruke.

Katika mimba zote kwa ujumla, 1 hadi 2 kati ya 100 hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija. Kidonge cha dharura hakiongezi uwezekano huo, na mtu akikuambia kinaongeza, hana ushahidi. Lakini hakiuondoi pia, na mwanamke aliyemeza kidonge ana mtego wake: akiona damu anadhani ni kidonge, akiumwa tumbo anadhani ni hedhi inakuja, na siku zinapita. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo ambako huioni.

Dalili huja mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 12. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku, ukiona lolote kati ya haya: maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, damu ukeni pamoja na maumivu, maumivu kwenye ncha ya bega bila kuumia popote, kizunguzungu, jasho baridi au kuzimia. Ukifika, sema mambo mawili kwa pamoja: "Kipimo cha mimba ni ndiyo, na nina maumivu haya." Wenye haja kubwa ya kuonwa mapema hata bila dalili ni waliowahi kupata mimba ya nje, waliofanyiwa upasuaji wa mirija, na waliowahi kuugua maambukizi ya nyonga.

Waliowekewa kitanzi cha shaba kama njia ya dharura wana habari tofauti kidogo. Kitanzi hushindwa mara chache sana, chini ya mara 1 kwa wanawake 100, lakini mimba ikiingia kikiwa ndani, uwezekano wa kuwa ya nje ni mkubwa kuliko kawaida. Nenda upesi ufanyiwe ultrasaundi. Ikiwa mimba iko ndani ya mfuko na nyuzi za kitanzi zinaonekana, kwa kawaida hushauriwa kitolewe mapema, kwa sababu kukiacha huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya maambukizi. Usikivute mwenyewe.

4. Kwa nini kilishindwa

Si hatua, lakini bila kulijibu hili watu hawasongi mbele, na baadhi ya majibu yana maana kwa matibabu yako.

Sababu kubwa kuliko zote ni yai. Kidonge kinafanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Mbegu za kiume huishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke zikilingojea. Yai likishatoka huishi kama saa 12 hadi 24. Ukimeza kidonge wakati yai limeshatoka, au homoni ya kulitoa imeshapanda, levonorgestreli haina tena cha kuzuia. Ulipristali hufika mbali kidogo, kwani huweza kufanya kazi hata homoni hiyo ikiwa imeanza kupanda, lakini nayo ina mwisho wake. Sasa, nani anajua yai lake linatoka saa ngapi? Hujakosea kitu hapo. Ulikimbia ukafika, gari lilikuwa limeshaondoka.

Muda wa kumeza unahesabika. Levonorgestreli hutakiwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Ulipristali hadi saa 120. Kutapika ndani ya saa 2 au 3 baada ya kumeza maana yake dozi huenda ilitoka, ilipaswa kurudiwa. Uchunguzi kadhaa unaonyesha pia levonorgestreli hudhoofika kwa mwanamke mwenye uzito mkubwa, hasa ambaye uwiano wake wa uzito kwa urefu (BMI) ni 30 na kuendelea. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na nadhani ni kwa kuogopa kumuudhi mteja.

Kuna tendo la baadaye. Kidonge hakikulindi mpaka mwisho wa mwezi. Kwa kuwa kimelichelewesha tu yai, siku chache mbele ndizo zinaweza kuwa za hatari zaidi, na mtu aliyekutana tena bila kinga akijua "nimeshameza" anaweza kushika mimba ya tendo la pili huku akilaumu la kwanza. Kuna pia tendo la kabla: pengine mimba ilikuwa imeshaanza kutokana na siku nyingine wakati unakimeza. Karatasi ya hatua ya kwanza hujibu mengi hapa.

Mwisho, dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hulifanya ini liteketeze homoni haraka. Athari hiyo huendelea kama wiki 4 hata baada ya kuacha dawa. Anayezitumia hushauriwa kitanzi cha shaba, au dozi maradufu ya levonorgestreli, yaani miligramu 3 badala ya 1.5. Kama uko kwenye kundi hili, mwambie mhudumu sasa, kwa sababu dawa hizo zinahusika pia na ujauzito. Usiziache kwa uamuzi wako. Degedege la mama au VVU visivyodhibitiwa ni hatari kwa mtoto kuliko vidonge vingi unavyoviogopa.

5. Je, kidonge kimemdhuru mtoto?

Hapana, kwa yote tunayoyajua. Wanawake walioshika mimba licha ya levonorgestreli wamefuatiliwa na kulinganishwa na wenzao ambao hawakukimeza, na hakukuonekana ongezeko la ulemavu wala la mimba kuharibika. Ulipristali ina kumbukumbu chache zaidi kwa sababu ni mpya, ila zilizopo hazijaonyesha madhara. Hakuna sababu ya kitabibu ya kutoa mimba eti kwa kuwa ulimeza kidonge. Ukiambiwa "lazima itoke, mtoto atazaliwa na kasoro", tafuta maoni ya mtu mwingine. Uamuzi wa kuendelea au kutoendelea ni jambo kubwa. Usijengwe juu ya uongo huu.

Waambie wahudumu wako, hata hivyo. Si toba, ni taarifa: "Nilimeza kidonge cha dharura tarehe fulani." Sentensi moja inatosha, na inawasaidia kuhesabu umri wa mimba. Akikunja uso, hilo ni lake.

6. Kukaa na habari

Huna haja ya kuamua leo. Una haja ya kujua una wiki ngapi, kwa sababu ndizo zinazokuambia una siku ngapi za kufikiri. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mmoja tu kwa kuanzia. Habari hii ikishaambiwa watu watano huwa si yako tena.

Mwenzio anaweza kusema: "Si uliniambia umemeza?" Swali hilo linauma kwa sababu ndani yake kuna tuhuma. Mwonyeshe zile takwimu za mwanzo, na kile kipande cha yai. Kidonge kiliwahusu wawili na kushindwa kwake kunawahusu wawili. Lakini kama kumwambia kunaweza kukuletea kipigo, usianze naye. Anza kwa mhudumu wa afya au ndugu, mahali ambapo uko salama.

Ikiwa tendo lenyewe halikuwa kwa hiari yako, mengi ya hapa hubadilika. Mwambie mhudumu hivyo hata kama wiki zimepita. Sheria za nchi nyingi zina vifungu maalumu kwa mimba ya ubakaji, na kuna huduma za kisheria na za ushauri ambazo hutapewa kama hawajui. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio hufaa ndani ya saa 72 tu, lakini vipimo vya VVU, kaswende na maambukizi mengine bado vina maana, na cha VVU hurudiwa miezi mitatu baada ya tukio. Hata aliyeridhia tendo apime. Kidonge cha dharura hakizuii ugonjwa wowote, na wengi hushughulika na mimba wakasahau kwamba bila kinga ni bila kinga.

7. Ukiamua kuendelea

Anza kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio 8 kwa mimba nzima, na lile la kwanza ndilo lenye vipimo vingi: kundi la damu na Rhesus, wingi wa damu, VVU, kaswende, homa ya ini ya B, mkojo, shinikizo la damu. Beba karatasi yako ya tarehe.

Usingoje kliniki kuanza asidi ya foliki. Mikrogramu 400 kila siku mpaka wiki ya 12. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na mwanamke aliyepanga kuzaa huanza kumeza hata kabla. Wewe hukupanga, hivyo kila siku ina thamani. Na kama wiki hizo zimeshapita, anza tu. Anayetumia dawa za kifafa au mwenye kisukari huhitaji dozi kubwa zaidi, ambayo huandikiwa na daktari. Vidonge vya madini ya chuma utapewa kliniki.

Pombe na sigara viache leo. Kama ulikunywa wiki ulizokuwa hujui, hilo limepita, usikeshe ukilihesabu. Pitia na mhudumu kila dawa unayomeza, pamoja na za mitishamba. Zilizo hatari zaidi ni kama valproeti ya kifafa, warfarini, isotretinoini ya chunusi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Hizi hazisubiri miadi ya mwezi ujao, piga simu au nenda. Na kwa mara nyingine: uliza kwanza, usiache peke yako.

Wako wanaoendelea na mimba huku wakijua hawataweza kumlea mtoto. Kulelewa na ndugu au kuasiliwa kisheria ni njia zinazopangwa mapema na ustawi wa jamii. Si mapatano ya mdomo na mtu aliyejitokeza tu.

8. Ukiamua kutoendelea

Sheria hapa hutofautiana kabisa kati ya nchi na nchi. Kuna zinazoruhusu kwa ombi la mwanamke hadi wiki fulani, zinazoruhusu kwa sababu za afya au ubakaji tu, na zinazokataza karibu kila hali. Kwa hiyo swali la kwanza si "wapi", ni "sheria ya hapa nilipo inasemaje kwa mimba ya wiki zangu na sababu zangu?" Muulize mhudumu aliyesajiliwa au shirika la afya ya uzazi linalojulikana. Usimuulize mtu uliyemkuta kwenye mtandao akiuza vidonge visivyo na boksi.

Kitabibu, jambo hili ni salama linapofanywa kwa njia inayopendekezwa, na mtu aliyefunzwa, kulingana na umri wa mimba. Na hatari huongezeka kadiri wiki zinavyosonga. Kinachoua ni njia nyingine: vijiti, waya, sabuni, dawa za kufulia, mizizi inayonywewa au kuingizwa ukeni, vidonge vya malaria kwa mkupuo, kukandwa tumbo. Nimeyaandika kwa majina yake kwa sababu ndiyo watu wanayonong'onezwa.

Yeyote ambaye mimba yake imetoka, kwa kutolewa au yenyewe, aende hospitali mara moja akiona damu inayojaza pedi kubwa mbili kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu makali yasiyopungua. Matibabu baada ya mimba kutoka ni huduma ya dharura. Hata penye sheria kali, nenda. Damu haisubiri mwanasheria. Mwenye kundi la damu la Rhesus hasi aulize kama anahitaji sindano ya kumlinda kwa mimba zijazo.

Na mimba inaweza kutoka yenyewe wakati bado hujaamua lolote. Kati ya mimba zinazojulikana, 10 hadi 20 kwa kila 100 huharibika, nyingi kwa hitilafu ya vinasaba iliyokuwepo tangu mwanzo. Hukuisababisha kwa kidonge, wala kwa kuitamani isiwepo.

9. Kinga ya mbele

Watu hupenda kuiahirisha sehemu hii, na mimi huisema mapema kuliko wanavyotaka. Baada ya mimba kuharibika au kutolewa, yai linaweza kutoka tena katika muda mfupi wa siku 8 tu. Kwa hiyo njia ya uzazi wa mpango huombwa siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka kituoni; nyingi, vikiwemo vipandikizi, sindano na vidonge, huweza kuanzwa papo hapo, na kitanzi pia kama hakuna maambukizi.

Anayejifungua na hanyonyeshi ahesabu siku 21, kuanzia hapo anahitaji kinga. Anayenyonyesha ana nafasi zaidi, kwa masharti matatu yanayotakiwa yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi.

Ikitokea dharura nyingine siku za mbele, kitanzi cha shaba ndani ya siku 5 ndicho chenye nguvu kuliko vidonge vyote, na kinabaki kama kinga ya miaka. Ukichagua kidonge, cha levonorgestreli kinakuruhusu kuanza uzazi wa mpango wa homoni siku ile ile. Cha ulipristali kinataka usubiri siku 5 kwanza, maana homoni hizo hukipunguzia nguvu, na katika siku hizo utumie kondomu. Mwambie muuzaji uzito wako na dawa unazotumia hata kama hakuuliza. Kisha weka alama kwenye kalenda siku 21 mbele, upime siku hiyo hata kama damu imeonekana.